Kakao ya sherehe Nairobi: tofali lipi ununue, na tiketi ya kikao inalipia nini

Maduka ya vyakula asilia ya Karen, Lavington na Westlands siku hizi hayakosi tofali la rangi ya udongo lililofungwa kwa karatasi ya kaki na kuandikwa "kakao ya sherehe", la kuyeyusha kwenye maji ya moto na kunywa. Vituo vya yoga navyo vinauza tiketi za vikao vya jioni ambapo kinywaji hicho hunywewa kwa mduara, watu wameketi kwenye mikeka. Bei za vyote viwili si za mchezo. Kabla hujatoa simu ulipe, jua kwamba hakuna shirika la viwango lililoweka kipimo cha kakao kuitwa ya sherehe. Si hapa, si Guatemala, si Ulaya. Anayetaka kuyachapa maneno hayo kwenye pakiti huyachapa tu.

Kwa hiyo tumeiacha lebo kando tukaangalia kilichomo: matofali yanayoagizwa kutoka Amerika ya Kati na Kusini, matofali ya kakao ya Afrika Mashariki, na unga unaouzwa kwa jina hilohilo. Kisha huduma ya kikao chenyewe. Majina ya maduka hatuyataji, maana shehena hubadilika, na tofali lililokuwa zuri mwezi Machi laweza kuwa la kutupa Agosti. Namna ya kulipima haibadiliki.

Unga tuumalize kwanza, hauna mengi. Kinywaji cha Wamaya, wenyeji wa kale wa Amerika ya Kati, na cha Wanahua wa Meksiko kilitokana na mbegu nzima iliyosagwa kwenye jiwe, mafuta yake yakiwemo yote, na mafuta hayo ni nusu ya uzito wa mbegu au zaidi kidogo. Unga ni kile kinachobaki baada ya mafuta kukamuliwa kwa shinikizo, ufundi wa akina van Houten wa Uholanzi uliopewa hataza mwaka 1828. Unga wa kawaida wa dukani hubakiwa na mafuta asilimia 10 hadi 12. Ukiukoroga kwenye maji unapata kinywaji chepesi, kikavu ulimini, kinachotua chini kabla hujamaliza nusu kikombe. Ukiona rangi imekoza mno na kwenye viambato kuna potasiamu kaboneti, au E501, ujue umetiwa alikali ili kuua uchachu, na humo humo sehemu kubwa ya flavanoli, vile viambata vya kakao vinavyosifiwa kiafya, imekwenda. Ni unga mzuri wa keki. Kuulipia bei ya kakao ya sherehe ni kujiibia.

Sasa matofali. Yanayotoka Guatemala, na mengine Peru na Ekuado, ndiyo ya bei ya juu kabisa, na sehemu kubwa ya bei hiyo ni nauli. Yakifika vizuri ni mazuri kweli: chungu laini, harufu ya karanga na maua, ukakasi mdogo kwenye meno. Tatizo ni njiani. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Kontena likikaa juani Mombasa, tofali huyeyuka kwa ndani na kuganda upya vibaya, mafuta yakapanda juu na kuacha utando mweupe au madoa ya kijivu. Utando huo si kuvu na haudhuru mtu. Unasema tu kwamba tofali limepata joto, na harufu yake nyingine imekwenda na joto hilo. Kulipa bei ya juu kwa tofali la namna hiyo hakuna maana.

Halafu kuna neno "Criollo", jina la aina ya kale ya kakao inayosifika kwa ladha laini, ambalo wauzaji wa matofali ya ng'ambo hulipenda sana. Criollo halisi ni adimu mno duniani, na tangu mwaka 2008 watafiti wa jenetiki wameigawa kakao katika makundi 10, kwa hiyo ule mgawanyo wa zamani wa Criollo na Forastero, ile ya kawaida, hauelezi mengi. Muuzaji anayekutajia wilaya, aliyevundika mbegu (yaani aliyezichachusha) na mwezi wa kuvuna amekwambia zaidi ya yule anayekutajia Criollo.

Kakao ya jirani ndiyo tunayoipendekeza. Tanzania inalima Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na katika bonde la Kilombero, Morogoro. Uganda ina Bundibugyo chini ya Rwenzori, na Mukono. Kutoka huko hadi Nairobi ni safari ya lori, si ya meli, na sifa ya kakao ya Tanzania kwa watengenezaji chokoleti wa nje ni uchachu wake wa matunda. Kwenye kikombe uchachu huo hutokea mwanzoni, kwa mbali kama zambarau, kisha uchungu hufuata. Anayetaka kikombe kisicho na uchachu kabisa atapenda zaidi ya Bundibugyo, ambayo ni nzito na ya udongo udongo. Ladha ni ya mtu.

Kasoro ya kakao ya jirani iko kwenye kuanika. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na mbegu zilizovundikwa zinatakiwa zikauke hadi unyevu wa asilimia 7 hivi. Mvua ikikataa kukatika, mkulima hulazimika kukausha juu ya moto wa kuni, au mbegu hulala na unyevu zikaota ukungu ndani. Yote mawili unayanusa dukani. Moshi ni moshi, hausafishiki kwa kukaanga wala kwa viungo. Harufu ya siki inamaanisha mbegu zilikaushwa haraka mno, maganda yakakauka juu huku asidi imefungiwa ndani. Harufu ya jibini au ya nyama iliyokaa inamaanisha zilivundikwa kupita siku zake. Kuvundika kwa kawaida ni siku 5 hadi 7, na mbegu hupinduliwa mara kadhaa ndani ya masanduku ya mbao. Bila hatua hiyo hakuna ladha ya chokoleti kabisa, kuna ukakasi mtupu.

Hapo ndipo yanapoanguka maneno "kakao mbichi" yanayobandikwa kwenye pakiti nyingi kwa majivuno. Lundo linalovundika hupanda joto lenyewe hadi nyuzi 45 au 50, na jiwe la kusagia linaongeza lake. Tena mbegu zilizoanikwa chini, kuku na mbuzi wakizipitia, zinaweza kubeba salmonela, na kukaanga ndiko kunakoiua. Chukua iliyokaangwa, hata kidogo. Maya wenyewe walikaanga.

Ukiwa mbele ya rafu, fanya hivi. Soma viambato: kiwe kimoja tu, kakao. Ukikuta lesithini, sukari, vanilini au "mafuta ya mimea", rudisha. Omba kuvunja ncha. Tofali zuri huvunjika kwa mlio na kuonyesha ndani rangi moja ya hudhurungi, bila mishipa meupe wala vitundu. Sugua chembe kati ya kidole gumba na cha shahada: inatakiwa iyeyuke kwa joto la mwili na kuacha mafuta laini. Ikiacha chenga kama za mchanga, haikusagwa ya kutosha, au maganda hayakupepetwa. Maganda ni kasoro kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu uchafu, ukungu na madini ya risasi hukaa zaidi kwenye ganda kuliko kwenye kiini. Tofali la bei rahisi lenye chenga ngumu mara nyingi ni maganda uliyouziwa kwa bei ya kakao.

Udanganyifu huo si wa jana. Mtawa Mhispania Bernardino de Sahagún, aliyeandika mambo ya Wanahua karne ya 16, anaeleza wauzaji waliotengeneza mbegu bandia za kakao kwa nta, kwa kinyunga cha mchicha wa nafaka na kwa vipande vya kokwa la parachichi. Mbegu wakati huo zilikuwa pesa pia, kwa hiyo ilikuwa sawa na kuchapa noti.

Kuandaa, na kinachoharibika

Hesabu ya kikombe kimoja cha kikao ni gramu 40 za tofali kwa mililita 200 za maji. Kwa kunywa kila siku, gramu 20 hadi 25 zatosha. Tumia mizani ya jikoni, kwa sababu vijiko vitakudanganya: kijiko cha kakao iliyoparuzwa laini na kile cha vipande vikubwa havikaribiani kwa uzito.

Paruza kwa kisu kuanzia pembeni, au tumia mparuzo wenye matundu makubwa. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi tofali huwa gumu kama jiwe, na watu huchoka wakatupa vipande vikubwa kwenye sufuria, vikakataa kuyeyuka, wakaongeza moto. Moto huo ndio unaotenga mafuta. Kisipite kipande kikubwa kuliko punje ya dengu.

Maji ya moto yasiwe yanayochemka. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo mapishi ya mtandaoni yanayosema "subiri dakika tano baada ya kuchemka" yalipimwa kwa maji ya pwani. Njia isiyohitaji kipimajoto: changanya sehemu tatu za maji yanayochemka na sehemu moja ya maji ya kunywa yaliyopoa. Kwa kikombe kimoja ni mililita 150 kwa 50, na unapata nyuzi 75 hivi. Yakikutana na kakao hushuka tena, yakawa ya kunyweka.

Hatua inayowashinda wengi ni ya kwanza. Usimimine maji yote. Weka vijiko vitatu tu vya mezani juu ya kakao iliyoparuzwa, ukoroge. Itajikunja, itakuwa nzito na ya chenga, utadhani imeharibika. Endelea. Baada ya dakika moja au mbili za kukoroga kwa nguvu inakuwa rojo zito linalong'aa. Hapo ndipo uongeze maji yaliyobaki, kwa mafungu matatu, ukikoroga kila fungu hadi liingie. Sababu ni kwamba mafuta na maji havipatani vyenyewe. Chembe za kakao ndizo zinazovishika pamoja, na huvishika vizuri zikisuguliwa kwenye uzito kabla ya kuzimuliwa. Anayemwaga maji yote kwa mkupuo hupata duara za mafuta juu na matope chini, na hakuna kukoroga kutakakomwokoa isipokuwa blenda. Blenda nayo usiijaze kupita nusu, na kifuniko ukilegeze kidogo, maana mvuke hurusha.

Halafu povu. Hapa ndipo maandalizi ya Nairobi yanapopwaya, na ndipo wenye kinywaji walipoweka heshima yote. Kwenye chombo kimoja cha Wamaya cha karne ya 8, ambacho sasa kiko kwenye jumba la makumbusho la Princeton, mwanamke amechorwa akimimina kakao kutoka chombo cha juu kwenda cha chini, akiwa amesimama. Kumimina huko kulikuwa ndiko kutengeneza povu. Kijiti cha kupekecha wanachokiita molinillo kilikuja baadaye, enzi za Wahispania. Kwa Sahagún, povu ndilo lililomtenga muuza kakao mzuri na mbaya, na yule mbaya alikuwa anazimua kwa maji.

Jikoni kwetu hatuhitaji kuagiza molinillo. Upekecho wa kawaida unatosha: sufuria ndefu kuliko pana, kijiti katikati ya viganja, dakika mbili bila kusimama, kichwa cha upekecho kikiwa nusu ndani ya kinywaji na nusu hewani. Ukizamisha chote unakoroga tu, huingizi hewa. Bila upekecho, chukua jagi mbili na umimine kutoka urefu wa nusu mita, kwenda na kurudi, mara kumi na tano hivi, juu ya sinki. Povu zuri ni la vipovu vidogo, rangi ya kahawia nyepesi, na hukaa hadi unywe. Kinywaji kikiwa cha moto mno povu huvunjika mara moja. Kikishuka chini ya nyuzi 35 mafuta huanza kuganda na povu huwa la punje punje. Kati ya 50 na 60 ndipo mahali pake.

Viungo viende na kiasi: pilipili kavu ya kusaga kwa ncha ya kisu, mdalasini robo ya kijiko cha chai, chembe ya chumvi. Vanila na pilipili ni vya asili ya kinywaji hiki. Mdalasini na iliki vilitoka upande wetu wa dunia, lakini vinakubali. Wanaotaka rangi nyekundu ya zamani watafute mbegu za zingefuri, ile bixa inayolimwa Kwale: nusu kijiko cha chai kilowekwe kwenye maji ya moto, chuja, tumia maji yake. Sukari haikuwako Amerika kabla ya Wahispania, asali ilikuwako. Kijiko kimoja cha chai cha asali, au gramu 8 za sukari nguru, vitiwe mwishoni. Maziwa hufunika uchachu na kuongeza mafuta juu ya gramu 20 zilizopo tayari kwenye kikombe. Si dhambi, ila hicho ni kinywaji kingine, na mtu aliyelipia tofali la Kyela kwa ajili ya uchachu wake amejinyima mwenyewe.

Kikao cha jioni

Hesabu ya bidhaa kwenye kikao si siri. Watu 20 wanahitaji gramu 800 na lita 4 za maji. Tuseme tofali la gramu 500 ni shilingi 3,000: kikombe kimoja ni shilingi 240. Kinachozidi hapo kwenye tiketi ni ukumbi, mwenyeji, mpiga gita na mishumaa. Huenda vinastahili, huenda havistahili. Walau ujue unalipia nini.

Kasoro inayojirudia zaidi ni kakao kupikwa mapema na kuwekwa kwenye chombo kikubwa cha chai, kile chenye bomba chini, kikiwa na moto saa mbili nzima. Mafuta hupanda juu, chembe hutua chini kwenye bomba. Wa kwanza kwenye foleni wanapata matope, wa katikati maji ya rangi, wa mwisho mafuta. Mwenyeji anayejua kazi huleta rojo zito limeshatengenezwa, maji ya moto kwenye chupa za chai, na huchanganya jagi moja la vikombe vitano kwa wakati, akipekecha mbele ya watu. Ni dakika kumi na tano zaidi, basi. Ukiona bomba, chukua nafasi ya katikati ya foleni.

Saa nayo. Vikao vingi huanza saa moja jioni Ijumaa, kwa sababu ndipo watu wametoka kazini. Gramu 40 za kakao safi zina theobromini, kichangamsho cha kakao kinachofanana na kafeini, ya miligramu 400 hadi 600 hivi, pamoja na kafeini ambayo ni kidogo kuliko hiyo mara kadhaa. Theobromini hupanda polepole, saa mbili tatu baada ya kunywa, na mwili huchukua saa 7 hadi 12 kuitoa nusu yake. Anayekunywa saa mbili usiku hulala akiangalia dari, kisha asubuhi husema kikao kilimfungua moyo. Vikao vya saa nne asubuhi Jumamosi ni vichache, lakini ndivyo tunavyovipa alama.

Kichefuchefu na kichwa kuuma huelezwa na baadhi ya wenyeji kuwa ni "kujisafisha". Mara nyingi ni gramu 20 za mafuta kwenye tumbo tupu, au ni kipimo kilichopitishwa gramu 50 kwa mkono usio na mizani. Kula kitu chepesi saa mbili kabla, unywe maji baada.

Mwenyeji asiyeuliza kuhusu dawa usinywe kwake. Wanaotumia dawa za msongo za jamii ya MAOI wasinywe kabisa, na wanaotumia nyingine za msongo, za moyo au za presha wamuulize daktari kwanza na si mwenyeji. Mjamzito ahesabu kafeini hii pamoja na ya chai na kahawa yake ya siku. Na mashapo yasimwagwe anapopita mbwa, theobromini ni sumu kwake.

Kuhusu maneno yanayosemwa kwenye mkeka, kwamba hii ni sherehe ya Wamaya ya miaka 5,000: kakao yenyewe ni ya kale kuliko hapo, mabaki yake yamepatikana Santa Ana-La Florida, Ekuado, kwenye vyombo vya miaka 5,300 hivi iliyopita, na huko si kwa Wamaya. Wamaya walizika wakuu wao na vyombo vya kakao, na mtungi wa Río Azul, Guatemala, wa karne ya 5, ulikutwa na mabaki ya theobromini na jina la kakao limechorwa juu yake. Ila mduara wa mikeka, kuweka nia, gita na kushiriki hisia ulienea kuanzia kando ya Ziwa Atitlán, Guatemala, miaka ya 2000, ukiongozwa na wageni. Desturi zinazoishi hazifanani na huo. Kwa Wabribri wa Kostarika ni wanawake pekee wanaoandaa na kugawa kakao ya ibada. Kwa Waguna wa Panama mbegu za kakao huchomwa kwenye chetezo na moshi wake ndio dawa. Mwenyeji anayesema "tumejifunza huku, tumeongeza huku" anastahili tiketi kuliko anayejiita mrithi wa Wamaya huku anamimina kutoka bombani.

Ubani nao uchomwe kabla, dirisha likiwa wazi. Ukichomwa wakati wa kunywa, hakuna atakayenusa kakao aliyoilipia.

Kwa anayetaka kusaga mwenyewe

Mbegu zilizovundikwa na kukauka zinapatikana kwa kuagiza kutoka Kyela au Uganda, na kazi inawezekana kwenye jiko la nyumbani. Chagua kwa mkono, tupa zilizobapa, zilizoshikana na zenye tundu. Kaanga kwenye oveni nyuzi 130 kwa dakika 20 hadi 25, safu moja tu kwenye trei, ukigeuza mara mbili. Ziko tayari ganda likipasuka kwa kuminywa na jikoni pakinuka chokoleti badala ya siki. Ponda kwa mchi kidogo kidogo, kisha pepeta kwa ungo nje penye upepo mwepesi. Kilo moja ya mbegu hutoa gramu 750 hadi 800 za viini. Kupungua chini ya hapo ni upepo mwingi. Kuzidi sana ni maganda yamebaki.

Usipeleke kwenye kinu cha posho. Kakao ikisagwa hugeuka kimiminika na itaziba mawe, na mwenye kinu atakudai. Mashine ya kusagia siagi ya njugu inafaa, ukipitisha mara tatu, lakini hata ikioshwa hubaki na njugu, kwa hiyo usimpe kakao hiyo mtu mwenye mzio wa njugu. Bora kuliko zote ni mashine ya mawe ya kusagia unga wa dosa, inayopatikana kwenye maduka ya vyombo ya Wahindi Ngara na Parklands. Pasha viini na bakuli kwanza, tia kidogo kidogo, iache izunguke saa tatu au nne. Kwa chokoleti ya kula wangeendelea hadi saa 24, kwa kinywaji haina haja.

Mimina kwenye kibati cha mkate kilichotandikwa karatasi, kiache kigande usiku mmoja, kisha funga kwa karatasi ya nta na uweke kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na vitunguu na masala, maana mafuta ya kakao hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani. Friji haifai, unyevu wake huotesha kuvu. Utando mweupe laini unaoyeyuka ukiugusa ni mafuta, kunywa. Ukiwa na manyoya, au rangi ya kijani, tupa tofali zima, usikwangue.